Swichi Inayoenea Tundu

Mshonaji aliyekaa kiti cha nyuma basini alikuwa ametega sikio tangu kituo cha kwanza.

"Mama, hii ni swichi ya taa," fundi umeme alisema. "Hita ya maji inataka ya ampea ishirini, tena yenye umbo kubwa zaidi." Mteja wake akakikumbatia kiboksi cha swichi. "Hii inaenea tundu lililopo ukutani. Usinitafutie kazi ya kubomoa vigae vipya. Hata ile ya zamani ilikuwa hivi hivi, naibadilisha kwa sababu imeingia weusi tu." "Weusi! Kwani ilikuwa inapata moto?" "Joto la kawaida. Asubuhi mama mkwe huwa anaiota kama jiko."

Fundi akafumba macho. Basi liliposimama wakashuka wakibishana. Mshonaji, ambaye nyumbani kwake swichi ya hita ndiyo hukausha soksi, akashuka nyuma ya fundi, na hicho hakikuwa kituo chake.