Breki Zilizokataa Alfajiri

Risala ya wabeba mizigo kwa baiskeli, kijiji cha Nyamugozi, Wilaya ya Kasulu, Agosti 1976

Mgeni rasmi, ndugu yetu Mkuu wa Wilaya. Mwenyekiti wa Kijiji na Katibu wake. Mabalozi wa nyumba kumi kumi. Wazee wetu, mama zetu, na nyote mliobanana chini ya turubai hili: mwakeye.

KARIBU

Tunafurahi kukuona. Umekuja kufungua duka la kijiji, nalo umelifungua, ngoma imechezwa na makofi yamepigwa. Sisi tumepewa nafasi ya mwisho kabla ya chakula, na Katibu ametunong'oneza zaidi ya mara moja kwamba risala iwe fupi kwa sababu mchuzi unapoa. Tutajitahidi. Lakini wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tuna maradhi ya mwaka mzima ambayo dawa yake unayo wewe peke yako. Kwa hiyo mchuzi utuvumilie.

TULIKOTOKA

Tulipohamia hapa wakati wa Operesheni Vijiji tulipewa mlima wenye udongo mzuri na mteremko mbaya. Mteremko wenyewe umepita nao leo, ukiwa ndani ya gari. Unaanzia kwenye mikaratusi na kuishia kwenye daraja la miti, na kila kinachotoka Nyamugozi kwenda Kasulu, iwe maharage, mihogo au mgonjwa, lazima kiushuke.

Tuliushuka kwa baiskeli zenye breki za fito. Mgeni rasmi unazijua: unabana mkono wa breki, fito ya chuma inavuta fito nyingine, na mwisho raba zinagusa gurudumu. Barabara yetu ikizitikisa, fito hulegea na nati hudondoka, na mshukaji hubaki akipunguza mwendo kwa soli za viatu. Wengine wetu walikuwa hawana viatu.

Ndipo akatokea Niyibizi. Alivuka kutoka Burundi mwaka ule wa watu kukimbia, akiwa na mke, sufuria na baiskeli ya breki za waya. Tulimcheka. Kitu chembamba hivyo kingezuiaje gunia? Niyibizi alipakia gunia la maharage, akashuka, akasimama katikati ya mteremko na kutupungia mkono. Mvua zilizofuata hazijakatika, karibu baiskeli zetu zote zilikuwa zimebadilishwa. Hilali, mwenye duka la vipuri Kasulu mjini, alituletea waya pamoja na ala zake. Ala ni lile bomba jembamba ambalo waya hupita ndani yake, kama kisu kinavyokaa ndani ya ala.

Tulijivuna, tusifiche. Wengine walikata ala ndefu kupita kiasi, zikajikunja mbele ya usukani kama matumbo ya mbuzi, wakidhani urefu ni heshima. Na kila ala tuliitia mawese. Hapa kwetu mawese ndiyo hulainisha bawaba, mnyororo, ngozi ya ngoma na miguu ya watoto. Hakuna aliyeuliza kama waya nao unayapenda.

SIKU ILE

Mgeni rasmi, sasa tunakuja kwa Pelagia. Yeye ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa kijijini, na ni mtu wa kuuliza. Amemuuliza padre maswali mpaka padre akaomba apumzike. Sisi wanafunzi wake tunamwogopa kidogo na kumpenda sana.

Mwezi Julai mwaka jana alitakiwa awahi Kasulu kuchukua vitabu vya kisomo. Alipanda kwenye keria ya Venanti, mshukaji wetu mwangalifu kuliko wote, mtu ambaye hutemea mate raba za breki na kuzifuta kwa kanga ya mkewe kabla ya kuondoka. Ilikuwa alfajiri ya kiangazi, baridi ya kuumiza masikio.

Walipopita mikaratusi Pelagia alihisi baiskeli inaongeza mwendo mahali ambapo ingepaswa kupunguza. Alichungulia juu ya bega la Venanti. Akaona vidole vyake vimebana mikono ya breki mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Zimekataa, mwalimu," Venanti alisema, kwa sauti ndogo kabisa. "Nishike."

Mbele kulikuwa na daraja, na chini ya daraja mawe. Venanti aliukata usukani akaingia kwenye ukingo wa udongo mwekundu. Yeye alipoteza meno ya mbele. Pelagia alivunjika mkono wa kushoto.

Mchana ule ule shauri lilisikilizwa kwenye ofisi ya tarafa, na kwa bahati, Mgeni rasmi, wewe mwenyewe ulikuwepo kwa ziara. Venanti alisema maneno yale yale: nilibana, zikakataa. Basi baiskeli ikaletwa mbele. Ilikuwa imekaa uani juani tangu asubuhi. Ulivua koti, ukaipanda, ukazunguka mlingoti wa bendera, ukabana breki. Ikasimama palepale, nusura ikutupe. Watu wakacheka, na Venanti akatazama chini.

Hatusemi ulikosea. Ulibana kwa mkono wako na ukaona ulichokiona. Kila mmoja wetu angeamua vilevile, na wengi wetu tuliamua vilevile, tukaenda nyumbani tukisema Venanti alikuwa akijionyesha kwa sababu amembeba mwalimu. Baiskeli ikafungiwa stoo ya tarafa. Ikapigwa marufuku baiskeli yoyote kushuka Nyamugozi na mtu au mzigo. Na watoto wakampa Venanti jina jipya, ambalo analo mpaka leo: Zimekataa.

PELAGIA ALIVYOULIZA

Pelagia alirudi na mkono kwenye bendeji na hakuwa na amani. Maumivu aliyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni vile vifundo vyeupe. Mtu anayejionyesha, alijiambia, habani breki namna ile. Lakini mbona mchana zilishika? Kitu kimoja, breki moja, asubuhi hivi na mchana vile. Alilala na swali hilo na kuamka nalo.

Asubuhi moja alikuwa jikoni kwa mama yake, Bibi Rosa, akisubiri maharage yaungwe. Bibi Rosa aliinamisha chupa ya mawese juu ya sufuria. Hakikutoka kitu.

"Yamelala," mama yake alisema, akaiegesha chupa karibu na mafiga. "Ngoja yaamke."

Pelagia ameiona chupa ile ikiegeshwa karibu na moto tangu azaliwe, kila kiangazi. Sote tumeiona. Lakini siku ile aliitazama mpaka maharage yakaanza kuungua, kisha akatoka bila kula, akamkuta Niyibizi bado amejifunika blanketi mlangoni kwake.

"Kata ala yoyote ya zamani," alimwambia. "Sasa hivi, kabla ya jua."

"Mwarimu, hata uji sijanywa."

"Utakunywa. Kata."

Niyibizi alikata. Ndani mlikuwa na mafuta ya rangi ya chungwa, mazito, yaliyochanganyika na vumbi la barabara, yameugandama waya kila upande. Alijaribu kuuvuta kwa vidole, akashindwa. Akauviringisha kwenye koleo na kuvuta tena, ukasogea kidogo sana, kwa hasira.

"Ego, ndiyo hivyo," Niyibizi alisema polepole. "Kwetu kule tulitia oili. Hapa niliwaona mnatia mawese, nikasema mwenye nchi anajua."

Mtu mwingine angekimbilia ofisini pale pale. Pelagia hakuridhika. Labda ni ala ile tu, alisema. Akataka kujua kwanza ala ina kazi gani, maana sisi wote tuliidhania ni nguo tu ya waya, ya kuuzuia usipate kutu. Niyibizi alimshikisha ala kwa mkono wake mzima, kisha yeye akavuta waya kutoka upande wa pili. Pelagia akahisi ala inamsukuma kiganjani.

"Umesikia?" Niyibizi alimuuliza. "Waya unavuta, ala inasukuma. Ala ndiyo uti wa mgongo. Ikiwa ndefu ovyo, au imepinda, au mdomo wake umekatwa mshazari, nguvu ya mkono inaishia humo humo njiani. Gurudumu halipati kitu."

Pelagia alifurahi siku hiyo kama mtu aliyeona mtoto akitembea. Alitutembelea nyumba kwa nyumba, akitushikisha ala viganjani, na aliyesema nimeelewa aliambiwa eleza.

Kisha akafungua kile ambacho tulikiita shule ya mawe. Nyuma ya nyumba ya Niyibizi walitundika waya kadhaa, kila mmoja ndani ya ala yake, juu una mkono wa breki na chini unaning'iniza jiwe. Mmoja ulitiwa mawese, mwingine uliachwa mkavu, mwingine ulitiwa oili ya cherehani aliyoiomba kwa fundi wa nguo. Kila alfajiri Pelagia alibana mikono ya breki kuona jiwe lipi linapanda. Kila mchana alirudia. Tulimtania sana. Lakini tulianza kwenda kutazama, na baadaye tulianza kuwahi.

Jiwe la mawese mchana lilipanda vizuri kama mengine. Alfajiri lilitingishika tu.

Tulikuwa tumebadilisha breki wakati wa mvua, usiku ukiwa na joto lake. Kiangazi kile ndicho kilichokuwa cha kwanza kwa waya zetu, na Venanti ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka kabla ya jua. Angeweza kuwa yeyote kati yetu.

TULICHOFANYA

Tulifungua kila baiskeli. Waya tuliuosha kwa mafuta ya taa. Ala zote zilizoonja mawese tulizitupa, Hilali akatuletea mpya, na safari hii tulizikata fupi, zenye mkunjo wa taratibu, na midomo tukaisawazisha kwa tupa. Ndani tunatia oili nyembamba ya cherehani, tone tu. Mawese yamerudi jikoni kwa heshima zake zote.

Habari hizi tulizipeleka ofisini mwaka jana ule ule. Tulisikilizwa kwa upole, tukaambiwa tusubiri ziara yako.

MATATIZO

Tangu marufuku ile, baiskeli zetu zinashuka zikisukumwa kwa mikono, tupu, na gunia linashuka kichwani. Mgonjwa anashushwa kwa machela, na wabebaji hupokezana mpaka Kasulu. Mwezi wa Mei mke wa Pasikali alishikwa na uchungu usiku, wakamteremsha, na alijifungua katikati ya mteremko, kwenye majani yenye umande. Mtoto yupo hapa leo, mgongoni kwa mama yake, amepewa jina la Nyanzira, yaani wa njiani. Tunamshukuru Mungu kwa jina hilo. Lingeweza kuwa jina la msiba.

Tatizo la pili ni Venanti. Haji tena vikaoni. Analima shamba la mbali, lile la kule bondeni, kwa sababu huko hakuna watoto wa kumwita. Yeye hakututuma kuyasema haya.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi lori, wala daraja la chuma, ingawa ukiwa navyo havitatupwa.

Kwenye meza iliyo mbele yako, kando ya soda, tumeweka mikono miwili ya breki na waya zake. Mmoja una mawese na mwingine una oili. Tafadhali bana.

Asante. Umeona yote miwili inakwenda vizuri, na hapo ndipo penye ugumu wetu. Viongozi wetu hututembelea jua likiwa juu, na jua likiwa juu karibu kila kitu cha Nyamugozi kinafanya kazi.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Lala hapa. Bibi Rosa ametandika kitanda na ameweka mablanketi mazito, maana baridi yetu haina adabu hata kwa wakubwa. Alfajiri tutakugongea mlango, nawe utabana tena mikono hii hii miwili kabla hujanywa chai. Ukiona tumesema uongo, marufuku ibaki na sisi tubaki na aibu yetu. Ukiona tumesema kweli, tunaomba ufunguo wa stoo ya tarafa, na tunaomba wewe, uliyeibana breki ile mbele ya watu, umwite Venanti mbele ya watu hao hao kwa jina alilopewa na baba yake.

Jambo la mwisho. Baadhi yenu mlinong'ona kwa nini wabeba mizigo wamemsimamisha mwanamke awasomee. Mgeni rasmi, anayekusomea ndiye Pelagia. Mkono wake wa kushoto, ambao unauona haunyooki sawasawa ukishika karatasi hii, ndio ule uliovunjika. Kesho jua halijatoka, ukiruhusu, atakwenda kumtoa Venanti bondeni, na Venanti atashuka mteremko wa Nyamugozi kwa baiskeli yenye ala mpya. Atakayekaa kwenye keria ni huyu huyu Pelagia.

Mungu akupe usingizi mwema chini ya paa letu, na akuamshe mapema.

Ni sisi,
Wabeba Mizigo kwa Baiskeli wa Nyamugozi, pamoja na Venanti