Dawa Waliyoikanyaga Majirani

Kitendawili! Nanywa supu yake, nyama namwaga barabarani ikanyagwe. Umeshindwa, mjukuu wangu? Ni mizizi ya dawa iliyokwisha kuchemshwa; wapita njia wakiikanyaga, huondoka na ugonjwa.

Katika basi la mji wa Chengdu, Uchina, Bibi Qiu alikumbatia pakiti zake za dawa, kachanganyikiwa. "Mume wangu anakunywa wiki nzima, kikohozi kimegoma! Daktari kakosea?"

"Kila pakiti unaichemsha mara ngapi, dada?" akauliza mzee wa kiti cha pili, asiyemjua.

"Makapi namwaga barabarani kila asubuhi!"

"Kumwaga sikuuliza. Pakiti huchemshwa mara mbili, maji ya mara zote mbili yakachanganywa, ndipo ukamwaga makapi. Wewe mara ngapi?"

"Kwani wewe mganga?"

"Mgonjwa mzoefu."

Basi likasimama. Bibi Qiu akasita mlangoni.

"Mara moja," akasema. "Nusu ya dawa yake wameikanyaga majirani."