Fundi Dominiko na Kijiti Chake cha Kusikilizia

Fundi Dominiko Alois Kobelo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Bunduki, Mgeta, tarehe 4 Agosti 1915, mtoto wa tatu wa mzee Alois na mama Bernadeta. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha ili amsaidie baba yake kulima mboga.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, akafundishwa kutengeneza magari, akafika hadi Burma. Alirudi mwaka 1946 na boksi la spana na masikio yaliyoumizwa na mizinga. Toka hapo injini alizisikiliza kwa kijiti: ncha moja kwenye chuma, nyingine ameing'ata kwa meno. Alisema sauti hupita kwenye mfupa.

Tarehe 17 Mei 1947 alifunga ndoa na Kristina.

Mwaka 1950, kwa Fatehali, muuza vyuma chakavu mjini Morogoro, aliona injini ya ndege ndogo imeota kutu. Fatehali akacheka: "Fundi, na ndege yenyewe utaiegesha wapi? Kwenye kabichi?"

"Nataka kuisikia sauti yake tu, kabla masikio hayajafunga."

Wanaume wanane waliipandisha mlimani kwa miti mabegani hadi karakana yake, nyuma ya nyumba. Kristina akawaambia majirani, "Mume wangu kaleta mke wa pili. Afadhali huyu hali ugali."

Miaka minne aliisugua, kipande kwa kipande. Machi 1954 ilibaki wiki moja tu aiwashe, mashine ya kusaga ya kijiji ikafa. Kifaa chake cha kutoa cheche kilikuwa kimeungua. Wanawake wakarudi kwenye vinu. Kristina hakuomba kitu. Alitenga chakula tu, viganja vimechubuka. Dominiko aliviangalia, akatoka bila kula, akafungua kifaa kama hicho kwenye injini yake, akakipeleka mashineni.

"Ndege itangoja," alisema.

Ndege ilingoja. Masikio hayakungoja. Kifaa kilirudi mwaka 1957, mashine ilipopata kingine, naye hasikii hata kengele ya kanisa. Tarehe 14 Septemba aliiwasha. Kristina aliziba masikio. Yeye aling'ata kijiti, akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Inasema, Mama Rosa?"

Kristina akaitikia kwa kichwa, akaonyesha kuku walivyokuwa wakikimbilia kwa jirani.

Oktoba kifua kilimlaza. Karakana hakuiona tena. Siku moja alimwita Kristina asogee, akamwekea kijiti kooni, ncha ya pili akaing'ata mwenyewe.

"Sema."

"Niseme nini, Baba Rosa?"

"Lolote."

Basi kila siku Kristina alimsimulia: karoti zilizoota, mvua, nani kapita kusalimia. Jumatatu asubuhi, tarehe 3 Februari 1958, kijiti kilimdondoka mdomoni, Kristina akiwa katikati ya maneno. Aliyamalizia.

Marehemu amemwacha mama yake Bernadeta, mjane wake Kristina, na watoto watatu: Rosa, Fransisko na Theresia. Wanaume wale wale wanane ndio watakaombeba. Kijiti kimo ndani ya jeneza. Kristina amekiweka kwa mkono wake.

Apumzike kwa amani, na huko aliko asikie.