Kibao Kipya cha Kizamani

Jumanne, tarehe sita Mei, saa nne na robo asubuhi, kibao kilitundikwa ng'ambo ya barabara, na tangu hapo kahawa ilimkalia Alwyn Pascoe vibaya. Wiki mbili baadaye bado alikuwa akikitazama kutoka kwenye benchi la pembe ya mtaa wa Trevannick, yeye na wenzake wawili: Kanali, ambaye hakuwahi kushika bunduki bali alipeleka barua, na Msumari, seremala mstaafu. Mgongoni mwa benchi palikuwa na bamba la shaba lenye jina la Morwenna, mke wa Alwyn. Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyo aliuza chai katika chumba chao cha mbele. Tangu azikwe, mlango ule haukufunguliwa.

Kibao kilisomeka Ye Olde Tea Shoppe, yaani Duka la Kale la Chai, kwa Kiingereza cha kizamani chenye herufi za ziada mwishoni mwa maneno.

— Mwaka jana pale paliuzwa matairi, alisema Alwyn. Leo wanaandika kama mababu wa mababu zetu.

— Hizo herufi za ziada ndizo mtego, mzee mwenzangu, alisema Msumari. Tazama, watalii wa basi zima wanashuka pale.

— Mtu akizisoma anaona njaa, alisema Kanali. Nilisoma mahali.

— Wapi?

— Kwenye barua za watu.

— Mimi nasema wamezing'oa makaburini, alisema Msumari. Mbona mawe ya zamani siku hizi hayasomeki?

Alwyn hakucheka.

— Morwenna aliandika “Chai” kwa chaki, basi. Na foleni ilifika kwa muuza nyama.

— Una wivu, bwana.

— Ninao. Nimekataa lini?

Mara mwenye duka, Hazel Crabb, akavuka barabara, aproni imejaa unga.

— Shikamooni. Mzee Pascoe ni nani?

— Mimi.

— Wenyeji wote wanaoingia kwangu wanaulizia mkate wa zafarani wa marehemu. Nimejaribu, wanasema sio wenyewe. Alikuwa akiutengenezaje?

Kila Jumamosi Alwyn alikatiwa na mkewe kipande cha pembeni, cha moto, kabla ya mteja yeyote. Kanali alitazama viatu vyake. Msumari aliitikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu.

— Sijui, mama, alisema Alwyn. Sikumuuliza.

Hazel akaketi kando yake. Alwyn akaweka kiganja juu ya bamba, akaomba.

Ee Mungu, mpumzishe Morwenna kwako, umpe nuru isiyozimika. Na unisamehe mimi, niliyekula nisiulize. Amina.