Mikono Iliyoningoja Katikati ya Uwanja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnivumilie. Ushuhuda huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, na hata sasa naogopa kwamba nimesahau jambo muhimu. Acha niuseme tu jinsi ulivyo.

Wengi mnanijua, mimi ni binti wa Maman Furaha wa Etterbeek, hapa Brussels, tuliotoka Bukavu. Mpira wa wavu hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, nikimtazama mchezaji wa kulipwa wa Korea, dada Hae. Alikuwa mpokeaji, yule anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, kazi yake kuzuia mpira usiguse sakafu. Safari yake yote niliijua: alivyoingia timu kubwa akiwa msichana wa shule, akaishi bwenini na wenzake, akang'ara, akaumia goti, akarudi. Nilipiga mpira kwenye ukuta wa gereji nikiiga alivyokunja magoti, mpaka jirani akaja kulalamika. Kwenye video zile hakukosa hata mpira mmoja! Nikaamini mtu anatakiwa kuwa hivyo.

Ndugu zangu, imani ile ilinitesa. Nikikosa mpira mazoezini kwenye klabu yetu, sikuweza kula. Nililirudia kosa kichwani hadi usiku wa manane. Na Mungu nikamfanyia vilevile: siku niliyoharibu sikuomba, nikisema nitaomba nikisharekebisha. Mkate wa Meza ya Bwana ulipofika kwenye safu yetu niliinamisha kichwa, nikauacha upite. Maman akachoka kuniangalia.

"Donc Yesu alikuweka ku banc?" akaniuliza tukitoka kanisani.

Nilicheka, lakini ndivyo nilivyojiona, mchezaji wa akiba kwenye benchi mbele za Mungu.

Kisha dada Hae akaja Brussels. Timu yake ya Korea haikumpa mkataba mpya kwa sababu ya lile goti, naye akakubali kumalizia uchezaji wake kwenye klabu yetu ndogo ya Uccle. Mimi nilikuwa akiba wake. Mazoezi ya kwanza tu alikosa mpira mwepesi kabisa, nikashtuka kama niliyeona ajali. Yeye akaenda katikati ya uwanja, akagusana mikono na wenzake, akarudi mahali pake.

Ndio desturi ya mchezo wetu. Kila pointi ikiisha, tuipate au tuipoteze, tunakutana katikati tunagusana mikono. Mimi nikikosa sikwenda. Niligeukia ukuta nikijipiga paja. Hae aliliona. Kwa Kifaransa chake cha shida akanieleza kwamba ujanani naye alificha mikono, wenzake wakadhani amewakasirikia.

"Walikuwa wananingoja," akasema. "Ni mimi ambaye sikuangalia."

Mechi ya mwisho ya msimu, goti lake likakataa. Wakamtoa wakimshika huku na huku, kocha akaniita. Tukishindwa, tunashuka daraja. Mpira wa kwanza uligonga mikono yangu ukarukia kwa watazamaji. Wa pili vilevile. Pumzi ikakatika, masikio yakavuma, nikageukia ukuta. Nawaambia kweli, nilikuwa natafuta mlango ulipo, nikimbie. Hapo nikaomba, mara ya kwanza bila kurekebisha lolote: Bwana, nimeharibu, na bado naharibu.

Nikageuka. Wenzangu walikuwa wangali katikati, mikono wameinyoosha, wananitazama mimi. Mwamuzi anatuharakisha, hakuna aliyeondoka. Nikaenda, nikaigusa yote, na moyoni nikajua kwamba Bwana naye alikuwa amesimama hivyo muda wote, na mimi nimempa mgongo.

Hofu haikuisha, nisiwadanganye. Mpira uliofuata niliupokea vibaya, lakini ulipanda juu, mwenzangu akaukimbilia. Tulishindwa. Tulishuka. Hae, ambaye safari yake ndefu ilikuwa inaishia pale kwenye benchi, barafu gotini, ndiye aliyeninyooshea mkono kabla ya wote. Nilipofika nyumbani nilikula. Maman aliitazama sahani yangu, akaniongezea.

Jumapili ile mkate ulipofika kwenye safu yetu, sikuwa nimerekebisha chochote. Nikachukua. Namshukuru Mungu! Ndugu yangu unayengoja kwanza uwe sawa, nakusihi kwa upendo. Mkate utapita hapa sasa hivi. Chukua.