Mawese Yaliyonishuka Usoni Kanisani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu bila wigi, bila kilemba, na sijafa.

Mnanijua, mimi ni Mama Eliya wa kwaya, sauti ya kwanza. Nilizaliwa Busunzu, nikaolewa hapa Kasulu. Wa zamani wanakumbuka nywele zangu. Zilikuwa nyingi hivi kwamba chanuo likivunjika, mama alikuwa ananigombeza mimi. Nikazivimbia kichwa. Kila sikukuu naenda saluni kwa rafiki yangu Zawadi, yule ambaye wazazi wake walitoka Burundi, namwambia akaze. Zawadi ananionya kwamba nywele nazo zinataka kupumua. Mimi nasema kaza. Nikitoka pale nyusi zimepanda juu kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, na kucheka siwezi, ngozi ya uso imeisha. Zikifumuliwa, natia dawa ya kulainisha na kungoja iwashe, kwa sababu tuliambiana kwamba isipowasha haijafanya kazi.

Basi nikamzaa kitindamimba wangu, Furaha. Mtoto alipoanza kucheka na watu, nywele zikaanza kuniaga. Zilibaki kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye kanga ya kumbebea mtoto. Mume wangu akatoa unywele kwenye ugali, akauweka pembeni, akaendelea kula. Siku nyingine akatoa mwingine kwenye maharage, akaniuliza kwa upole kama nimebadilisha kiungo. Paji la uso likawa linarudi nyuma kama mtu anayekwepa mgeni. Halafu kisogoni pakatokea duara tupu, laini kama yai.

Ndugu zangu, hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Mabamba kuja kumwona mjukuu. Akanikuta naosha kichwa. Akakaa chini. Akasema nywele haziondoki zenyewe, kuna mtu anazifagia na kuzipeleka anakokujua. Na anayefagia nywele zangu ni nani? Ni Zawadi. Akasema ng'ambo ya mpaka kuna mtaalamu wa kutaja majina, twende. Jina alikuwa nalo tayari, alichotaka ni muhuri tu.

Mimi sikuamini, lakini kumjibu mkwe nako ni kazi. Na maneno yake yakatangulia sokoni. Nikapita saluni, nikaona kiti cha Zawadi kitupu Jumamosi nzima, naye amekaa mlangoni anajisuka mwenyewe. Alinisalimia. Sikuweza kumtazama.

Nikasema moyoni, Bwana, nirudishie nywele kabla mkwe hajapanga safari. Nikaomba, na wakati naomba nikawa najipaka. Nilipaka maji ya kitunguu, inzi wakanifuata mpaka kisimani na mume wangu akahamia ukingo wa kitanda. Nilipaka majivu, nikapiga chafya wiki nzima. Mwisho mama mmoja muuza dagaa akaniambia dawa ni mawese, tena mengi. Jumapili asubuhi nikajimwagia upawa mzima, nikashindilia wigi juu, nikavaa joho jeupe la kwaya, nikaja hapa hapa.

Mnajua jua la saa tano chini ya mabati haya. Tulikuwa tumefika kwenye wimbo wa damu ya Mwanakondoo. Nikainua mikono. Nikahisi kitu cha moto kinashuka kwenye paji, kinapita puani, kinadondoka kifuani. Nikafumba macho nikidhani ni upako. Nilipofumbua, joho ni jekundu, sauti ya pili imenyamaza, na mchungaji ameacha kipaza sauti anakuja mbio kunikemea mapepo. Nyuma mama mkwe analia kwamba sasa wameniingilia hadi kanisani.

Mama mchungaji ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje, mkwe akatufuata. Mama mchungaji akanifuta kwa kanga yake, akanusa ile kanga, akanusa tena.

"Mama Eliya," akasema, "damu yako inanukia mboga."

Nikacheka, kisha nikalia, nikavua wigi. Sikuwa nimemwonyesha mtu kwa hiari yangu. Mama mchungaji akaangalia pole pole. Kisha akafungua kilemba chake, kile kikubwa mnachokijua, akainama. Ndugu zangu, ameniruhusu kulisema hili: utosini nywele zimepungua mpaka ngozi inaonekana. Akasema mama yake alikuwa hivyo, na bibi yake.

"Hakuna aliyewaroga wote hao," akamwambia mkwe. "Ni ukoo. Kesho mpelekeni hospitali, na wewe mama uende ukasikie kwa masikio yako."

Tukaenda. Daktari, dada kijana, akanimulika kichwa, akanifunua macho, akapima damu. Akasema kichwa ni kimoja lakini mambo ni manne. Za mbele zimeng'olewa na kusuka kwa kukaza, na dawa imezidi kuzidhoofisha; zingine huenda zisirudi. Zinazodondoka kila mahali ni za baada ya uzazi, hutokea kwa wanawake wengi na hurudi zenyewe. Damu yangu imepungua, nayo inaongeza kunyonyoka, akanipa vidonge. Duara la kisogoni si mapunye: ni mwili wenyewe umekosea, unapigana na nywele zake. Hilo lina dawa ya kupaka, na mara nyingi hupona.

Mkwe akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyezichukua?"

"Hakuna, mama. Ni mwili wake."

Mkwe akanigeukia, akanitazama kwa jicho la kuuliza kama basi mchawi ni mimi.

Tulipofika sokoni akakata kona kuelekea saluni. Nikajua leo ni aibu. Zawadi akasimama. Mama mkwe akampita, akakaa kwenye kile kiti kitupu, akavua kitambaa chake, na kwa sauti ya kuwafikia wauza nyanya wote akasema, "Nioshe, mwana wanje. Mkono wako hauna neno."

Mwana wanje, mwanangu! Zawadi akamwosha huku machozi yanaingia kwenye povu. Kisha akaninyoa mimi.

Ndugu zangu, nimemwomba Bwana nywele, naye amenipa baadhi. Duara limefunga, za mbele hazijaja. Lakini zilipokuwa zinaanguka kichwani kwangu, kuna mtu alikuwa karibu kuangushwa pamoja nazo, na Bwana akamdaka. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa nywele. Dada unayeficha kitu chini ya kilemba, mtumaini Yeye. Usiogope. Nenda hospitali, kapimwe, na kabla hujamtafuta aliyekuroga, muulize anayekusuka. Na mawese, mpendwa, tia kwenye maharage.