Oti za Mwisho za Attracta Gilhooly

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Attracta, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1943 hapa hapa Drumkeel, Leitrim, akiwa binti pekee wa marehemu Hubert na marehemu Philomena McTiernan.

Alisoma shule ya parokia, akaacha masomo mwaka 1957 ili amuuguze mama yake, na katika jiko la mama huyo ndimo alimojifunza kitindamlo cha nafaka ya oti, kile cha kuloweka unga mpaka maji yawe na uchachu kidogo, kuyachuja kwa kitambaa na kuyakoroga motoni mpaka yawe mazito, kisha kuyaacha yagande kwenye bakuli na kuliwa kwa asali na malai. Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa mpishi wa hospitali, akastaafu mwaka 2003.

Tarehe 14 Septemba 1968 alifunga ndoa na Malachy Gilhooly, mwashi, wakajaliwa binti, Dervla, aliye nasi leo kutoka Australia, na mwana, Colman, aliyefariki akiwa mchanga mwaka 1972, ambaye leo mama yake anazikwa kando ya kaburi lake.

Novemba iliyopita alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza, akawa hamezi ila vitu laini, na kila alicholetewa alikisukuma, akitaka oti za mama yake tu, hivyo Malachy, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi hata kuchemsha yai, akavaa aproni, na Attracta akamwelekeza akiwa kitini.

"Koroga, mzee, usisimame kama nguzo ya simu!"

"Si nakoroga?"

"Unapapasa. Fika chini!"

Za kwanza ziliungua, za pili zikakataa kuganda, Attracta akauliza kama anapikiwa chakula au gundi ya kubandikia karatasi ukutani, wakacheka wote wawili mpaka Malachy akakaa chini.

Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, ziliganda. Alikula vijiko viwili, akasema, "Zimekubali."

"Ngoja nikuongezee asali," Malachy akamwambia, akageuka kuichukua, na aliporudi mkewe alikuwa amelala, wala hakuamka tena, mpaka alipofariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4. Malachy aliliosha bakuli, akalikausha, akalirudisha kabatini, ndipo akampigia Dervla simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani na kumfulia mashuka, na wapishi wenzake wa zamani waliokuja kumsuka nywele mara ya mwisho.

Malachy bado hajalia. Alipoulizwa angependa kiongezwe nini hapa, alisema, "Waambie sijui. Wakae tu kidogo, wasiondoke haraka."

Basi tutakaa. Nawe, Attracta, pumzika kwa amani.